Aliyekufa Haneni

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Daftari, niwie radhi. Tangu Aprili, tulipomzika binti yangu, sijakugusa. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Kalamu ilikuwa nzito.
Ameniachia mwanawe, Ummulkheir, miaka ishirini na miwili. Amehitimu ualimu Kilifi. Hapa nyumbani Malindi hafanyi lolote ila mchezo wa vita katika simu, alfajiri hadi isha. Chakula hupoa. Wiki jana shule ya chekechea ya mtaani ilimwita kwa mahojiano. Hakwenda. Alikuwa "mechini". Neno lao hilo!

Jumanne, 9 Septemba
Adhuhuri, nyuma ya mlango wake: "Nimekufa! Njooni mnifufue!" Mara tano! Nikagonga. Nikamwambia nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, na kitenzi hicho, katika wakati huo, hakina nafsi ya kwanza. Aliyekufa haneni.
Akacheka. "Bibi, hata kifo chataka ngeli?"
Kahonzi, jirani yangu, alikuwa uani akikuna nazi. Alicheka hadi nazi ikamponyoka. Nami nilikaribia kucheka. Sikucheka.

Alhamisi, 11 Septemba
Mwanangu Muhdhar, auzaye vipuri vya malori Mariakani, alipiga simu. Mama, mnyang'anye kitu hicho leo leo, unamlea kama yai! Jumapili atamfuata, amweke dukani, akili imrudie.
Nikaichukua simu ya mjukuu wangu alipokuwa akioga. Nimeifungia kabatini, chini ya kanga za marehemu mama yake. Kuizima sijui.
Nilitarajia makelele. Hakupiga. Alinitazama mikono, kisha akaitazama yake, kama mtu aliyeangusha kitu asijue ni nini.
Laiti angepiga kelele.

Ijumaa, 12 Septemba
Hakula.
Baada ya swala alikuja jikoni, akasimama mlangoni. Mikono mitupu. Akasema taratibu, "Bibi, nimekufa."
Nami — Mola anisamehe — nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua hata macho. Nikamjibu, "Aliyekufa haneni."
Akasema, "Haya." Akarudi chumbani.
Tangu saa ile hajanena.

Jumamosi, 13 Septemba
Hata neno moja. Nilidhani ni ukaidi. Kahonzi alimpelekea uji, akambembeleza: mwanangu, hata nitukane basi! Mjukuu wangu akatikisa kichwa. Akanywa vijiko vitatu.
Uani Kahonzi akanigeukia. "Mwalimu, huyu hana ukaidi. Huyu ana msiba. Wewe hukulia, naye umemziba mdomo."
Niliudhika. Lakini ni kweli.
Baada ya alasiri kabati likalia. Nikafungua, nikaipokea simu. Sauti ya msichana.
"Shikamoo nyanya. Mimi ni Nyaboke, niko Nyamira. Mimi hucheza na Ummu. Siku mbili haingii mchezoni. Ako sawa?"
Ako! Sikumsahihisha. Nikamwuliza humo mchezoni wanazungumza nini. Akasema Ummu hucheza ili asifikirie. Kwamba baada ya mazishi alimwambia haoni sababu ya kuamka. Basi kila asubuhi, kabla ya mechi, Nyaboke humwita jina, naye sharti ajibu: "Nipo." Asipojibu, hawaanzi.
"Sasa huko nani anamwita, nyanya?"
Miaka thelathini na minne niliita majina ya watoto wa watu kila asubuhi, nikatia alama. Nipo, mwalimu. Nipo, mwalimu. Nyumbani mwangu sikumwita yeyote.

Jumapili, 14 Septemba
Saa nne asubuhi. Muhdhar ameshafika, gari linanguruma nje. Mama, mfungie nguo, jua linapanda! Nimemweleza habari ya Nyaboke. Nimemwambia Kahonzi ameulizia hospitalini, yuko mshauri nasaha, kesho tunaweza kumwona. Amecheka. Ushauri wa nini? Mtu mzima akikosa kazi hupata wazimu, akipata kazi hupona.
Huenda asema kweli. Sijui. Si kawaida yangu kuandika "sijui".
Simu ninayo mapajani. Inanukia udi wa kanga zile. Nikimrudishia, atazama humo tena, asile, asitoke. Nikimnyima, nimemkatia sauti pekee iliyokuwa ikimwita. Na huko Mariakani, katikati ya vipuri, nani atamwuliza kama yupo?
Nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, kando ya mlango wake. Nimegonga. Nimeita jina lake kamili, kama katika orodha ya darasa.
Nimeita tena. Kitanda kimelia. Nyayo — zimekuja, zimesimama nyuma ya ubao wa mlango. Nasikia anavyopumua.
Nimemwambia, "Mjukuu wangu, kanuni ile nimeifuta. Hata kama umekufa, nena."
Muhdhar anapiga honi. Mara ya pili sasa. Hajui kwamba kitasa kinazunguka, polepole, kinasimama, kinazunguka tena.
Naweka kalamu chini. Nitaandika nikishakata shauri.