Sahani za Jumamosi

Baba Mwende wangu,

Siku hizi nachafua sahani moja tu kwa siku. Nakula ugali wangu na sukuma, naiosha, naiweka pale pale. Mwende yuko chuo Eldoret, na hii nyumba ya Kileleshwa ambayo tulikuwa tukigongana jikoni kila saa imekuwa kubwa ajabu. Nina upweke, na sioni haja ya kukuficha.

Unakumbuka tulivyoanza? Kiwanda chetu kidogo kule Ngara kilitengeneza sabuni ya maji kwa kiini cha povu kinachotokana na petroli, nikapewa kazi ya kujaribu kiini kingine, cha mafuta ya nazi na sukari. Kipimo chetu kilikuwa rahisi: unapaka sahani mafuta, unaziosha moja moja katika beseni lile lile, na povu likifa unaacha, unahesabu umeosha ngapi. Siku moja nikaja nyumbani nikijigamba kwamba sabuni yangu imepita. Wewe, mtu wa hesabu za benki huko Upper Hill, ukacheka.

"Hizo sahani zenu zimepakwa tu, hakuna mtu amekula hapo. Leta hiyo kitu hapa tuone kama inaweza mafuta ya mbuzi."

Basi Jumamosi zetu zikaanza. Unaita majirani, unaita watu wa kanisa, mimi napika mbuzi na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ya kwetu Ukambani. Wakishashiba, unakunja mikono ya shati unaingia kwenye sinki, nami nasimama kando kuangalia povu litakufa lini. Ndugu yako alipokuja kutoka Machakos akakukuta hapo, nusura aanguke.

"Wewe umekaliwa chapati kabisa!" akasema, yaani eti nimekulisha dawa ya mapenzi nikutawale.

"Hii ni sayansi, bro," ukamjibu. "Lete hiyo sahani yako."

Nilikupenda sana siku hiyo. Povu lenyewe lilikufa mapema, kama kila Jumamosi, na Jumatatu nikarudi kazini kubadilisha mchanganyiko.

Halafu ukaugua, ukaniacha. Wiki ya msiba watu walijaa hadi kwenye ngazi. Baada ya maombi walikula, na sijawahi kuona sahani chafu nyingi hivyo hapa kwetu. Nikainuka niende kuosha, kina mama wa kanisa wakanirudisha. "Keti, Mama Mwende. Wewe leo hugusi maji." Nikakaa kwenye kochi nikisikiliza vyombo vikigongana. Waliosha kwa sabuni ya dukani, nami nikawakasirikia, Mungu anisamehe, kana kwamba wamekunyang'anya kazi yako. Tangu siku hiyo sikumwita mtu.

Juzi mkubwa wangu kazini aliniita. Kiini cha nazi ni ghali, na amechoka kungoja. "Mama Mwende, kama haiwezi kumaliza vyombo vya familia moja, tunarudi kwa ile ya zamani." Nilikuwa na mchanganyiko mpya ambao kiwandani ulipita vizuri. Lakini wewe ulishaniharibu, siamini tena sahani ambazo hakuna mtu amekulia. Ilibidi niite watu, la sivyo kazi yetu yote itupwe. Nikashika simu, nikaiweka chini, nikaishika tena.

Walikuja Jumamosi. Mama Brayo, jirani wa ghorofa ya chini, alikuja na watoto wake wote, na watu wa kanisa wakaja. Walikula, wakacheka kidogo, kwa adabu. Mama Brayo alipoinuka kunisaidia nilimwambia aketi, hii ni kazi yangu. Nikaingia jikoni peke yangu. Sahani zikapita zote, povu lipo. Nikaosha masinia, povu lipo. Nikaingiza sufuria ya mbuzi yenyewe, mafuta yameganda pembeni, nikasugua kwa nguvu zangu zote, na povu bado limesimama juu ya maji.

"Baba Mwende!" nikaita. "Kuja uone!"

Sebuleni wote wakageukia mlango wa jikoni, hata watoto. Nikabaki nimesimama pale, mikono imejaa povu hadi viwikoni, nikashindwa hata kujipangusa machozi.

Imefaulu, mume wangu. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Pumzika salama.

Mke wako,
Mama Mwende