Kichupa cha Thelathini na Moja

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Kifua cha wifi kimepona? Mimi naandika, nafuta, naandika tena. Hii ni karatasi ya nne na chai imeshapoa.

Nimesikia daktari wa hapa kazini kwetu alikupigia simu, akakuambia damu yako ina kasoro, usibebe mzigo wowote mpaka upigwe picha ya tumbo. Wifi anasema tangu siku hiyo hutoki kitandani, hata mtoto hutaki kumpakata, na kutwa unauliza Baba alikuwa na umri gani mshipa wake mkuu ulipopasuka.

Kazi yangu unaijua, ingawa wewe hupenda kusema nalipwa kuvuta nyama. Kweli, vipande vya mshipa vikitoka chumba cha upasuaji, navibana kwenye mashine na kuvivuta mpaka vichanike. Ukuta uliochoka huachia kama lastiki ya suruali kuukuu. Kisha tunatafuta kwenye damu chembe zinazodondoka kutoka ukuta wa namna hiyo, ili tumjue mwenye mshipa dhaifu kabla haujapasuka. Tulihitaji pia damu ya watu wenye afya, tulinganishe. Nikakuita wewe, mpakua magunia.

Unakumbuka ulivyoiona sindano. Ulisema unatoka kununua maji, na mpaka leo hujarudi nayo. Kichupa cha thelathini na moja kilikuwa kimeshaandikwa jina lako kwenye daftari la mkuu wangu, nami nilikuwa nimekusifia asubuhi nzima.

Kaka, damu ile ni yangu. Nilikunja mkono wa koti, nikajichoma mwenyewe, nikakijaza.

Jibu nimelijua siku kumi sasa. Mimi uliyenibatiza Kasuku sikufungua mdomo, kwa sababu kasoro ilipokuwa yako haikuwa yangu. Nilikuacha uogope kwa niaba yangu. Naona aibu, na naogopa sana. Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu yote. Ameniondoa kwenye mashine na kunipangia picha Jumatatu, saa tatu.

Inuka, mpakate mtoto. Ila magunia yaache kwanza: Baba alikuwa wetu sote, na damu yako bado haijapimwa. Njoo Jumatatu hiyo hiyo. Kwenye sindano nitakushika mkono. Na nikiingia chumba cha picha, tafadhali, usiende kununua maji.

Nisalimie wote, kila mmoja kwa jina lake.

Mdogo wako,
Kasuku