Neno Uliloliandika Kitabuni, Vigil

Mwaka mzima umepita, Vigil, tangu Jumamosi ile ya Oktoba ulipokaa kwenye ngazi ya jikoni kufunga kamba za viatu, ukanywa kahawa huku umesimama, ukaondoka na wageni tisa kabla jua halijafika kwenye paa la zizi.

Wengi watakaosoma haya wanakukumbuka kwa tumbo. Uliwatembeza mlimani kutoka kibanda hadi kibanda, na kila kibanda kilikuwa na sahani yake: supu ya shayiri kwetu juu, madonge ya mkate na kabichi chachu kwa mzee Kassian, jibini la malisho ya juu kwa yeyote aliyekuwa nalo. Hukumruhusu mtu kuketi mezani kabla hajaingia jikoni kumsalimia mpishi kwa jina lake. Mtu akilalamika kwamba mwinuko ni mkali, ulimwambia, "Ndugu yangu, hiyo ndiyo chumvi ya supu." Yule wakili aliyekuja na chakula chake cha kopo, ulimbebea kopo lake kutwa nzima, ukamrudishia jioni likiwa halijafunguliwa.

Wema wako haukuwa na kelele. Bibi Kreszenz alipovunjika nyonga, kiangazi kizima ulizungusha makundi yako yapite mlangoni kwake na kula mkate wake mweusi wa nafaka ya rai. Njia ilikuwa ndefu zaidi na mkate haukuwa mzuri sana. Ulisema anahitaji mtu wa kumgombeza.

Kasoro yako ilikuwa moja, na mama yako aliipigia kelele miaka yote. Kibandani kwetu kuna kitabu. Kila anayeondoka huandika humo anakokwenda, ili waokoaji wajue pa kumtafuta. Wewe uliandika chakula.

"Andika njia, Vigil. Waokoaji hawaji kula."

"Wanakula sana, Mama. Gebhard juzi alikwangua sufuria."

"Sifanyi mzaha."

"Hata mimi. Mtu wa hapa akisoma chakula, anajua ni wapi."

Jumamosi ile uliandika hivi: Wageni tisa. Tunafuata maandazi.

Saa tatu asubuhi theluji ilianza, wiki tatu kabla ya wakati wake. Saa tano ulipaswa kupiga simu, hukupiga. Kufikia saa sita na nusu laini za simu za malishoni zilikuwa zimekatika pande zote. Saa saba Gebhard, kiongozi wa waokoaji, aliingia jikoni na theluji mabegani. Alifungua kitabu, akasoma, akaweka kidole juu ya neno.

"Maandazi yapi, Burgl?" alimwuliza mama yako.

Swali halikuwa la kijinga. Kutoka kwetu njia ni mbili. Ya kushoto inashuka hadi malisho ya Steinalm, ambako kila Jumamosi hukaangwa maandazi ya chumvi, yamejazwa viazi na jibini laini. Ya kulia inavuka pengo la miamba hadi Pra Lungia, upande wa kwao mkeo Giustina. Huko andazi ni tamu, na ndani yake mna mbegu nyeusi za ua la popi. Kwetu lile tamu haliitwi andazi; ni la sikukuu na lina jina lake. Kwao lile la chumvi haliitwi andazi; wanaliita turtre. Wanaoishi hapa wanalijua hilo tangu wakiwa wachanga, na hutaniana nalo harusini.

"Ya chumvi," mama yako alisema. "Kushoto."

Giustina alikuwa amesimama karibu na jiko, amempakata binti yenu Nives. "Hapana, Mama. Kulia."

"Giustina, si wakati wa kubishana."

"Sibishani. Tangu tuoane Vigil anasema kama kwetu. Jumanne alikula la chumvi hapa hapa mezani, akaliita turtre."

"Alikuwa anakutania."

"Hakuwa ananitania."

"Mtoto nimemzaa mimi. Kusema nimemfundisha mimi. Miaka thelathini na mmoja akisema maandazi, ni ya chumvi."

Gebhard alimtazama mmoja, akamtazama na mwingine. "Rubani wa helikopta ana mwanya mmoja tu kwenye mawingu," alisema. "Atakwenda mara moja. Nipeni upande mmoja."

Baba yako alifungua kinywa. Mama yako akamkazia macho, naye akakifunga.

"Nakuomba, Gebhard," Giustina alisema. "Kulia."

"Kushoto," mama yako alisema. "Andika kwamba nimesema mimi."

Helikopta ikaenda kushoto. Huko Steinalm yalikuwepo maandazi sitini kwenye trei na hakuna aliyekuja kuyala. Ilizunguka dakika arobaini. Iliporudi, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye kizingiti chetu na rubani alisema harudi tena angani. Upande wa kulia watu walikwenda kwa miguu, theluji magotini, mwendo wa saa tatu na zaidi.

Jikoni Giustina alimlaza mtoto, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi. Hakuna aliyemwagiza. Alimenya ndoo nzima, akavuta nyingine. Mama yako alikaa mbele yake akitazama maganda yakianguka, na kila yalipoanguka alitaka kusema jambo.

Saa kumi na moja jioni redio ya Gebhard iliita. Wageni wote tisa walikuwa hai, kwenye banda la nyasi kavu chini ya pengo, nusu saa tu kutoka Pra Lungia. Walisimulia baadaye kwamba uliwafukia kwenye nyasi hadi shingoni. Uliwakatia nyama yote ya moshi iliyokuwa begini, ukauvunja mkate mkavu kwa ngumi. Kisha ukawaamuru kila mmoja aeleze chakula alichopikiwa na bibi yake, zamu kwa zamu, kuanzia kuwasha moto hadi kuosha sahani, mtu asilale. Mwanamke mmoja kutoka kaskazini hakuwahi kumjua bibi yake. Ulimwambia, "Basi wewe tunga, na utunge chenye siagi nyingi."

Halafu ulitoka kupanda ukingoni kutafuta mtandao wa simu. Wao waliendelea kusimulia mapishi hadi waokoaji walipofungua mlango. Wewe ulikuwa umeanguka chini ya ukingo ule, hatua mia moja kutoka kwao.

Daktari alisema ulikufa papo hapo, kabla ya saa sita. Mama yako alimwuliza mara mbili.

"Unaniambia hivyo nipate usingizi?"

"Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Helikopta isingemkuta hai, hata ingekwenda upande wowote."

"Na wale tisa?"

Daktari alifunga mkoba wake kwanza. "Wale wangetoka kwenye baridi mapema kwa saa tatu," alisema. Bwana Ansgar, mmoja wao, mwenye miaka sabini na miwili, alikatwa vidole vitatu vya mguu. Mwezi Juni alirudi na fimbo, akapanda polepole hadi kwetu, akaomba supu. Hakumlaumu mtu. Ingekuwa nafuu kama angelaumu.

Tulikuzika Jumatano. Kufikia Jumatatu iliyofuata maneno yalikuwa yameshaanza.

Mama yako aliyasikia kwa mara ya kwanza kwenye foleni ya mkate. Watu wawili mbele yake, mwanamke mmoja anayemfahamu vizuri alikuwa anasimulia. "Mke ndiye aliyebishana. Akamchanganya Gebhard, helikopta ikaenda siko. Wa bonde la pili, atajuaje njia za huku?" Mwenzake akasema, "Masikini Burgl." Mama yako alikuwa na ulimi. Watu wote wa bonde hili wanaujua ulimi wa mama yako. Alichukua mkate wake akatoka.

Alisikia tena kwenye ngazi za kanisa wakati wa Pasaka. Akasikia wakati wa kukata nyasi, mara hii mbele ya Giustina mwenyewe, aliyeendelea kugeuza nyasi kwa uma wake kana kwamba wanamsema mtu wa mbali. Kila mara mama yako alinyamaza, na kila mara kunyamaza kulikuwa rahisi kidogo kuliko mara iliyotangulia. Hilo ndilo linalomtisha hadi leo.

Gebhard alimjia mwezi Agosti. Hakuketi.

"Burgl, utasema lini?"

"Wakati ukifika."

"Ulifika zamani. Umeuacha umesimama mlangoni."

Alimwambia aende zake. Akaenda.

Mwezi uliopita Giustina alianza kukunja nguo za Nives na kuzipanga kwenye maboksi. Kaka yake anakuja na gari mwisho wa mwezi huu. Mama yako alisimama mlangoni mwa chumba chenu.

"Unaondoka kwa sababu ya midomo ya watu?"

Giustina alikunja soksi mbili za mtoto, akazipachika moja ndani ya nyingine. "Watu hawajui, Mama. Wewe unajua. Naondoka kwa sababu yako."

Kwa hiyo, Vigil, haya yanaandikwa hapa gazetini, ambapo bonde zima litayaona, na kila aliyesimama kwenye foleni ile ayasome. Giustina alisema kulia. Alisema mara mbili, kwa sauti ya kawaida, na alitoa sababu. Alisema kweli. Aliyesema kushoto ni mama yako Notburga, anayeitwa Burgl, na Gebhard alimtii yeye kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ulikuwa mwanawe. Lawama ya vidole vya Bwana Ansgar iko juu ya mama yako. Hakuna ubishi wa mke uliochelewesha chochote. Kulikuwa na mama ambaye hakuwa tayari kusikia kwamba mwanawe ameshaanza kusema kama anavyosema mkewe.

Na kunyamaza mwaka mzima hakukutokana na huzuni, ingawa huzuni ilikuwepo. Ilikuwa aibu. Mama yako aliacha mwanamke mwingine aivae.

Jumapili alimsomea Giustina maneno haya jikoni. Nives alikuwa chini ya meza na kipande cha jibini. Giustina alisikiliza hadi mwisho.

"Pale Baba anapofunga kinywa, paondoe," alisema. "Atajisikia vibaya."

"Paache," baba yako alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nilikifunga."

Nives alitoka chini ya meza, akaomba jibini zaidi, akapewa na wote watatu kwa wakati mmoja.

"Bado unaondoka?" mama yako aliuliza.

"Naondoka, Mama. Nimeshawaambia nyumbani, na Nives ameshapata nafasi ya chekechea kule." Giustina alichukua karatasi, akaipitia tena mwenyewe kwa macho, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua mshono. Akairudisha mezani. "Lakini sasa nitaweza kurudi."

Wanaokukumbuka ni mkeo Giustina na binti yenu Nives, baba yako Serafin, mama yako Notburga, wakwe zako na shemeji zako wote wa Pra Lungia, Gebhard na waokoaji wenzake, Bibi Kreszenz, ambaye bado anaoka, mzee Kassian, na wale tisa, kila mmoja mahali alipo. Misa itasomwa Jumamosi saa nne asubuhi. Baada ya hapo kutakuwa na chakula kibandani, na atakayepanda apite kwanza jikoni kumsalimia Giustina.

Hatutaacha kukukumbuka, Vigil, siku zote tulizobakiziwa.