Kila Jumatatu Getini

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono umekataa kuanza vingine.

Arobaini yako tumeshaisoma. Mama yumo kwenye eda, amekonda. Shangazi amehama Tongoni kuja kukaa naye hapa Nguvumali. Baiskeli za wateja ulizoziacha barazani kabla hujamaliza kuzitengeneza, wenyewe wamekuja kuzichukua mmoja mmoja, wanasema pole, wanaondoka wakizikokota.

Mimi bado sina kazi. Cheti changu cha ufundi sanifu wa jiolojia kimo kwenye bahasha ileile. Huku kwetu mawe tele, kazi hakuna. Machimbo ya chokaa yana fundi wake wa sampuli za mawe, na hatoki mpaka astaafu. Wanaotafuta dhahabu Handeni wanakuchukua miezi miwili, unajaza mifuko ya udongo na kubandika namba. Mashine ya kuchoronga miamba ikihamishwa, nawe umekwisha. Wengine wanataka uzoefu wa miaka mitatu. Nitaupata wapi, sokoni? Wenzangu wa chuo waliobahatika wako Geita na Chunya. Aliyebaki Tanga anaendesha bodaboda, na ananitania kwamba yeye angalau anajua barabara gani imewekwa kokoto mbovu.

Wiki iliyopita nilipeleka barua nyingine ya kuomba kazi kwenye yale machimbo ya chokaa ya njia ya Muheza. Mlinzi akasoma jina langu, akaniangalia.

"Wewe ndo binti wa mzee wa baiskeli?"

Akanifunulia daftari la wageni. Baba, ulikuwemo. Kila Jumatatu, ukurasa baada ya ukurasa, mwandiko wako uliolala, na kwenye sababu ya kuja: kumuulizia mtoto kazi. Mlinzi akaniambia ulikuwa ukiwatangulia kwa salamu makarani walio sawa na wanao, kisha unasubiri juani. Nafasi haikuwepo tangu siku ya kwanza. Waliona haya kumwambia mtu mzima hakuna, basi wakawa wanakwambia, "Mzee, jaribu Jumatatu."

Nawe ukajaribu.

Sisi ulituaga unakwenda Tongoni kumwona Shangazi! Mama alishaanza kunong'ona kwamba umeoa huko. Nilipomhadithia alicheka kwanza, halafu akajifunika uso.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikumbuka Ramadhani iliyopita, Jumapili, tumekaa mkekani tunafuturu. Nilikwambia baba za wenzangu wanawasemea watoto wao, wewe unachojua ni minyororo na pampu tu. Hukufoka. Ulisema, "Kunywa uji, mwanangu, unapoa." Nikanyanyuka nikaenda zangu chumbani.

Palepale getini nilimwomba mlinzi nifunue nyuma, nikaitafuta Jumatatu ya kesho yake. Ulikwenda. Na swaumu yako, na lile jua, kwa baiskeli.

Nisamehe, Baba. Hasira yangu ilikuwa na dunia, nikakumwagia wewe kwa kuwa ndiye uliyekuwa karibu. Ningeyajua haya ungali hai ningekupiga marufuku kwenda. Labda ndiyo maana ulinyamaza.

Sasa Chunya wamenipigia. Ni kazi ya miezi mitatu, kupanga na kuandika sampuli zinazotoka kwenye mashine. Baada ya hapo Mungu anajua. Najua ulikuwa ukisema, "Usiniendee mbali." Lakini kazi nimeikubali. Namwacha Mama eda haijaisha, na sioni namna ya kukaa. Nyumbani nimepapenda, nyumbani hapanilishi. Hilo linaniuma kuliko safari yenyewe.

Lala salama, Baba yangu. Mungu akupanulie kaburi lako.

Ahadi yangu ni hii. Huko niendako, akija mzee getini kumuulizia mwanawe kazi, nitatoka mwenyewe nimwamkie, nimtafutie kiti kivulini na maji ya kunywa. Na kama hakuna, nitamwambia hakuna, siku hiyohiyo.

Mwanao.