Picha ya Nyumba Nzima

Jumamosi, 3 Oktoba 1992

Amefika! Mama mdogo Felista amefika, na mimi nimeshindwa hata kumwamkia vizuri. Shikamoo yangu ilitoka kama ya mtu aliyemeza ndizi ya moto.

Tulimpokea stendi, Tukuyu. Alishuka kwenye basi la Mbeya amevaa jinzi. Mwanamke wa umri wa mama — ndani ya suruali! Stendi nzima iligeuka. Mama hakuiona hiyo suruali. Mama alikimbia. Sijawahi kumwona mama akikimbia. Walishikana wakazungushana kama watoto wa darasa la kwanza, begi likaanguka, wakacheka, halafu wakalia, halafu wakacheka tena.

Si ndugu wa damu, walisoma ushonaji pamoja Iringa kabla sijazaliwa. Kitanda kimoja cha ghorofa, mama chini, yeye juu. Hawakuonana tangu mama alipoolewa huku Kisondela. Sasa anauza mitumba Morogoro. Mizigo anaifuata mwenyewe mpaka Tunduma, na anarudi kwenye treni amelala juu ya marobota yake ili asiibiwe. Siku hizi kila kitu ruksa, anasema, kazi ni wewe na miguu yako tu.

Baba amempa kiti chake. Hakuna mtu anayepewa kile kiti.

Ana kamera.

Jumapili, 4 Oktoba

Leo Kisondela imecheka mpaka ikakaa chini.

Hapa kwetu mama anamwogopa babu. Siyo woga wa fimbo. Ni ule wa Wanyakyusa, wa mke na baba mkwe wake: wasitazamane, wasisemezane, wasigusane, na mama asitamke jina la babu hata kwa bahati mbaya. Babu Ambindwile anaishi nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja. Akitaka kutoka anakohoa mlangoni, mama anaingia jikoni. Mama anakwenda ibada ya kwanza, babu ya pili. Mchungaji alishasema kanisa halidai hivyo. Wao wanamsikiliza kwa heshima na kuendelea. Sahani za babu napeleka mimi. Maneno pia napeleka mimi. Sikuwahi kuona ajabu yoyote.

Sasa leo, babu anatoka kanisani, mama mdogo akamwona. Akamkimbilia, mikono mbele.

"Shikamoo baba! Mimi dada yake Yudith!"

Dada yake Yudith, yaani dada wa mama! Maana yake naye ni mkwe! Babu aligeuka, kofia ikamdondoka, akajitosa kwenye migomba ya watu kama kijana wa miaka ishirini. Na mama mdogo — maskini, hajui — akaiokota kofia akamfuata!

"Baba, kofia! Baba, umeacha kofia!"

Babu akazidisha mwendo. Mzee Hezron wa kwaya alishikilia mti asianguke kwa kicheko. Mimi ndiye niliyemkimbilia mama mdogo na kumvuta mkono, nikamweleza. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo mara moja.

Hakucheka. Aliiweka kofia chini kwenye majani, taratibu, niichukue mimi. Akasema, miaka yote hiyo, na mnakula chungu kimoja?

Babu alipopokea kofia yake alikuwa bado anahema. Akauliza mkwe huyu mrefu katoka wapi. Morogoro, nikamwambia.

"Ndaga," akashukuru. "Mwambie mama yako dada yake ana mbio."

Jumanne, 6 Oktoba

Tumepanda mpaka shamba la juu, mama, mama mdogo, mimi na mdogo wangu Neema. Hakuna ukungu hata kidogo. Mlima Rungwe wote uko wazi, mpaka unaona mti mmoja mmoja. Chini huko chai, kijani inayotaka kung'aa. Na mbali kabisa, Ziwa Nyasa kama bati jipya. Mama mdogo alisimama akatazama kila upande. Mimi napita pale kila siku na kuni. Leo nami nilisimama nikatazama.

Halafu akanivika ile kamera shingoni. Nzito! Akanionyesha: jicho hapa, pumzi ubane, bonyeza.

Mimi siwezi kumtazama mtu machoni. Shuleni mwalimu alidhani nina kiburi, mpaka nimemaliza la saba hajajua sauti yangu. Lakini nyuma ya kile kidirisha hakuna anayekuona! Nilimtazama mama mpaka nikashiba. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Miaka kumi na tano naishi naye, sikulijua. Na akicheka na mama mdogo sura yake inakuwa ya msichana, msichana ambaye ningependa kukaa naye dawati moja.

Mama mdogo akasema kazi ya kumpiga babu picha ni yangu, maana yeye sasa ni mkwe, na mkwe hachungulii. Akacheka. Lakini hakuwa anatania. Jioni tulipofika uwanjani, babu alipokohoa tu, alikuwa wa kwanza kukimbilia jikoni.

Nikampiga babu picha, kwenye kigoda chake. Akaniita, kwa utani wake wa kila siku.

"Mke wangu mdogo. Hicho kidude kinameza watu wangapi kwa mara moja?"

"Wengi, babu."

"Basi kimeze nyumba yangu nzima."

Nikasema nitamwita baba na Neema.

"Nimesema nzima."

Akakohoa. Tangu kuchuma kahawa kifua chake hakijapona. Dawa za hospitali amemaliza. Koti lake limekuwa kubwa, kana kwamba ameazima. Nilielewa anataka nini, na nilielewa kwa nini anataka sasa.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimepeleka ujumbe. Mama hakuacha hata kumenya ndizi.

"Sitaki."

Baba akajaribu, akimwita kwa jina langu. Mama Asifiwe, kanisa lenyewe linasema —

"Kanisa halikunioa."

Baba akatoka nje kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mama mdogo ana akili! Alipanga kila kitu mezani kwa maparachichi. Hili babu, anakaa mbele, anatazama kamera. Hili Yudith, anasimama nyuma yake, anaona kisogo tu. Nani kamtazama nani? Hakuna!

Neema alipiga makofi. Mama naye alitabasamu, lakini akatikisa kichwa.

"Na ikishasafishwa?"

Hatukuelewa.

Mama akasema picha ikirudi, uso wa mzee utakuwa mkononi mwake. Yeye anamjua kwa kikohozi, kwa hatua zake, kwa jinsi anavyorudisha sahani. Alimwachia njia tangu akiwa bibi harusi, hata siku za mvua, hata akiwa na mimba yangu tumbo hili hapa. Wakati huo babu naye alikuwa na nguvu za kumkwepa. Walikuwa wanakwepana wote wawili. Leo amekonda, hawezi kukimbia tena —

"Ndiyo nianze kumtazama? Huo ni wizi, Felista."

Mama mdogo alichukua parachichi moja akaligeuzageuza. Mimi nilikuwa namtazama mama tu. Nilidhani kumkwepa babu ni desturi tu, kama kufagia asubuhi. Kumbe ndani yake kuna kitu kikubwa namna hii.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimepeleka maneno ya mama yote, hata lile la wizi. Nilipiga magoti mlangoni nikayasema nikitazama sakafu. Babu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia kikombe cha maji.

"Mwambie hivi. Siku ya kunizika watanilaza hapo uwanjani, nami sitaweza kukimbilia migombani. Ataniona tu, atake asitake. Afadhali anione nimevaa koti na nina akili zangu."

Nikaanza kuinuka. Akanishika mkono.

"Bado. Mwambie na mimi nimekula mkono wake miaka yote, simjui anayenilisha ana sura gani. Nataka hiyo picha niishike kabla sijaondoka. Anayeibiwa akisema chukua, si wizi tena."

Nilivuka uwanja nikiwa nimebeba maneno hayo kama mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Niliogopa neno moja lisimwagike. Nikamwambia mama yote, kama yalivyo. Aliweka mwiko chini.

Baadaye nikamwona anafua ile khanga mpya aliyoletewa na mama mdogo. Haijavaliwa hata mara moja. Haina uchafu.

Jumamosi, 10 Oktoba

Mama mdogo ameondoka na basi la mchana. Niandike kabla sijasahau chochote.

Ilikuwa imebaki picha moja kwenye filamu. Moja! Babu akakohoa mlangoni kwake kama kawaida — na mama hakuingia jikoni. Alikuwa kwenye ukuta, mgongo umetugeukia, anasubiri. Baba akamwongoza babu mpaka kitini. Koti limefungwa vifungo vyote. Halafu mama akaja kutoka nyuma, khanga imemfunika kichwa, macho chini, hatua kama za mtu anayeingia majini. Baba kushoto. Neema kulia. Mama mdogo nyuma ya mparachichi, ametugeuzia mgongo.

"Asi!" akaniita kutoka huko. "Jua liwe nyuma yako! Pumzi!"

Nikaweka jicho.

Wote! Kwa mara ya kwanza, wote pamoja, kwenye kidirisha kidogo kama kiberiti, na mimi peke yangu ndiye ninayewaona. Babu na mama wana namna moja ya kukaza mdomo. Hawana damu moja, na mdomo ni mmoja. Nilitamani niwaambie, sikuthubutu.

Mama akainua macho. Akanitazama — siyo mimi, kamera.

Hapo kikohozi kikamkamata babu. Akainama mbele, kiti kikayumba. Mkono wa mama ukatoka ndani ya khanga, ukasimama hewani juu ya bega lake. Nikabonyeza.

Sijui nilibonyeza kabla au baada. Nilipotoa jicho, mkono ulikuwa umesharudi ndani ya khanga na mama anaelekea jikoni. Baba anasema hakuona kitu. Neema alikuwa anatazama kuku. Filamu imekwenda Morogoro. Mama mdogo alinikumbatia stendi akasema picha atazituma kwa dereva, kama hazijaungua kwa mwanga. Nilimtazama machoni, bila kamera. Muda mfupi tu.

Sasa nimekaa kizingitini. Babu hajaingia ndani. Bado yuko kwenye kile kiti, katikati ya uwanja, na koti lake. Nilimwuliza kama anataka uji nikamwambie mama. Akasema hapana, wewe kaa.

Jikoni mama anasugua masufuria.

Babu ameita. "Mama Asifiwe." Siyo kwa sauti kubwa. Nimedhani ananiita mimi amekosea, nimeinuka, akanipungia mkono nikae.

"Mama Asifiwe."

Masufuria yamenyamaza.