Chakula cha Kithai

Lushoto, Jumamosi, Julai 1978

Sikumwambia, na kesho Elia anarudi Dar es Salaam. Mimi, kwa ugonjwa huu, Krismasi sitaiona.

Elia ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alisoma Thailand, na leo alimwelekeza mpishi wa hoteli apike kuku wa huko, kwa tui, mchaichai na pilipili nyingi.

"Kula, baba mdogo. Baba niliyebaki naye ni wewe."

Mimi ndiye niliyeandika jina la baba yake katika orodha ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, Mnazi, kule tambarare kwenye mbu, ili shamba la wazee libaki kwangu. Malaria ya kule ikamuua.

Machozi yakanitoka mezani.

"Pilipili imekushinda, mzee!" Elia akacheka, akaniitia maji.

Nikasema ndiyo, ni pilipili.