Paja Linalokonda

Jumatatu, 3 Juni
Kikohozi tangu alfajiri. Nimetaka kukamua ng'ombe, Paulina, mke wa mwanangu, ameninyang'anya ndoo. "Mama, kaa." Nimekaa motoni. Moshi ule ule ulioniharibu mapafu. Lakini kwa baridi hii ya huku Dongobesh, niende wapi?

Alhamisi, 6 Juni
Hospitali, na mwanangu Daudi. Nilitegemea picha ya kifua. Daktari, kijana tu, anasema leo ni miguu. Ultrasaundi! Nikamwuliza kama nina mimba. Akanipaka ute wa baridi pajani, akapitisha kidude cha mashine. Kwenye kioo chake msuli wangu ni mkanda mwembamba. Anasema kifua kimenikalisha, na kukaa kunamaliza miguu. Nitembee, nibebe vitu, niinuke kitini mara kwa mara. La sivyo nitashindwa kusimama. Nimeogopa kweli.

Jumapili, 9 Juni
Nimechota maji bombani kwa kidumu kidogo. Nimepumzika njiani, miguu inatetemeka. Raha, jamani. Wanawake wa jumuiya wameniona.

Jumanne, 11 Juni
Paulina amelia. Wamemsema mbele za watu: mke gani huyu anamchotesha maji mama mgonjwa? Nimewaeleza hao wanawake habari za paja. "Ndiyo, mama," kama wanabembeleza mtoto. Hasira imenikaba kuliko kikohozi. Na Daudi, aliyemsikia daktari kwa masikio yake, ananiuliza watu watatuonaje.

Jumatano, 26 Juni
Nimekubali kukaa, wiki ya pili sasa. Kwa ajili ya Paulina tu. Binti mwema, sitaki asemwe tena. Wakienda shamba nainuka kwa kushika nguzo. Mwanzoni mkono mmoja ulitosha.

Jumatano, 17 Julai
Kipimo tena. Daktari amenigeuzia kioo. Mkanda umezidi kukonda. "Anatembea?" Daudi akajibu kwa fahari: "Hapana, daktari. Hagusi kitu. Tunamtunza." Daktari amemfokea. Njiani Daudi ananiambia vijana wa siku hizi hawana heshima.

Jumapili, 4 Agosti
Wote kanisani. Moto umefifia. Kuni ziko mlangoni, naziona. Nimeshika nguzo kwa mikono miwili, nikarudi kitini. Nimejaribu tena. Basi.

Wamerudi na wale wanawake. Shikamoo mama, umependeza, unaonekana umepumzika. Wamemsifu Paulina. Ametabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile. Amenibeba hadi kitandani. Anasema nimekuwa mwepesi.